Kati ya Nailoni na Hariri

Kinyozi alinikabidhi ufunguo wa kibanda cha kaka akiwa ameushika kwa ncha za vidole viwili, kama mtu anayerudisha kitu kilichoangukia chooni.

"Pole tena, dada," alisema. "Lakini kabla hujafungua nikuambie ukweli. Mimi na nyoka, hapana."

"Najua."

"Kaka yako alisema kazi ni kumwangalia tu. Na mimi nimemwangalia. Kwenye tundu la ufunguo."

Mteja aliyekuwa kitini, povu limemfunika nusu ya uso, akacheka. Halafu akakumbuka kwamba mimi ndiye niliyefiwa, akafumba mdomo ghafla, na povu likamwingia.

Vibanda vyao vilitenganishwa na ukuta mmoja. Kaka alikuwa fundi wa redio na televisheni. Alilazwa mvua zilipoanza, na zilipokatika alikuwa hayupo tena. Mwenye nyumba alinitumia ujumbe wa pole, na katika ujumbe huohuo akauliza ni lini kibanda kitakuwa kitupu. Sikuudhika. Siku hizo nilikuwa siudhiki, sifurahi, sisikii njaa wala kushiba. Nilikuwa nafua nguo za watu na kuzipiga pasi, kwa sababu mimi ni dobi, na nguo chafu hazijui kama kuna msiba.

Ndani, redio zilikuwa bado zimepangwa mezani migongo wazi, kila moja na kikaratasi cha jina la mwenyewe. Koti lake la kazi lilining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, mikono imebaki imepinda kwenye viwiko kama alivyoizoesha. Na ukutani, mbele kabisa, kulikuwa na televisheni.

Ilikuwa ya zamani, ya kabati la mbao lenye miguu minne, aina ambayo siku hizi hata mwizi haibebi. Kaka aliitoa matumbo yote, akaweka kioo cha dirisha mahali pa kioo chake, kioo cha kusogeza. Upande mmoja alifunga balbu ndani ya kizimba cha waya, upande wa pili akaweka bakuli la maji. Ubavuni alipachika kile kidude kinachozima pasi ikishapata moto. Alikitoa kwenye pasi yangu iliyokufa, pamoja na kitufe chake cha kuzungusha chenye maandishi: nailoni, hariri, sufu, pamba. Alikikaza na kukilegeza mpaka kikatoa joto alilolitaka, kisha akachora alama nyekundu kati ya nailoni na hariri.

"Ukivuka hapa," aliniambia siku hiyo, "utakuwa unampiga pasi."

Aliyekuwa akipashwa moto ni nyoka. Chatu, wa ile aina fupi isiyokuwa kubwa, ambaye akiogopa hujiviringisha kama mpira na kuficha kichwa katikati. Mteja mmoja alimleta pamoja na redio mbovu, akasema anahama nyumba, atarudi kuchukua vyote viwili. Hakurudi. Redio kaka aliiuza, nyoka akabaki naye. Watu waliokuja kufuata redio zao walikaa kwenye benchi wakamtazama, na ndio waliompa jina la Mtangazaji.

"Leo mbona hasomi habari?" waliuliza.

"Hajaletewa karatasi," kaka alijibu bila kuinua kichwa kwenye kazi yake.

Sasa balbu ilikuwa imeungua. Bakuli lilikuwa kavu, limebaki na ukoko mweupe. Mtangazaji alikuwa amelala pembeni amenyooka, hata kujiviringisha hakuweza. Uti wa mgongo ulisimama kama mkunjo wa suruali iliyopigwa pasi. Ngozi ya zamani ambayo alipaswa kuivua ilikuwa imemganda mabaka mabaka, kama karatasi ya dawa kwenye chupa, hata machoni, macho yote mawili yakawa meupe. Nikajua amekufa. Nikamgusa kwa mpini wa bisibisi. Ulimi ukatoka, polepole, ukarudi ndani.

"Yupo?" kinyozi aliuliza akiwa nje.

"Yupo."

"Anapumua?"

"Anapumua."

"Basi ngoja nirudi kwa mteja wangu, nimemwacha na nusu ndevu."

Nilimtia Mtangazaji kwenye foronya, nikalifunga koti ndani ya mfuko wa plastiki, na televisheni nikamwita mwenye mkokoteni aibebe. Njiani nilitembea pembeni nikiwa nimekumbatia ile foronya tumboni.

"Dada, tivii hii inafanya kazi?" mwenye mkokoteni aliuliza.

"Inafanya."

"Inashika stesheni ngapi?"

"Moja."

"Bora moja inayoeleweka," alisema.

Mimi na mama tunaishi nyuma ya duka la kufulia. Mbele kuna kaunta, katikati chumba cha pasi, nyuma chumba chetu na ua wa kuanikia. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na mlango wa chumba cha pasi, anakunja foronya za nyumba ya wageni tunayoifulia. Alitazama mkokoteni ukishusha, akanitazama mimi, akatazama nilichokumbatia. Kikajisogeza.

"Mwanangu amekufa," alisema, "tivii imekuja."

"Ni ya kaka, mama."

"Kaka yako alikuwa na vitu vingi. Alikuwa na mapengo pia, umeniletea?"

"Nitaiweka chumba cha pasi. Huko kuna joto."

"Na hicho kidudu?"

"Kitakaa ndani yake."

Alikunja foronya nyingine, akaipiga kofi iwe bapa, akaiweka juu ya zile nyingine kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Daktari wa mifugo hutuletea makoti yake meupe kila wiki, na hunibidi kuyaloweka peke yake. Alipokuja kuyachukua nilimwomba aingie ndani.

"Mimi ni wa ng'ombe na kuku," alisema. "Nyoka tulifundishwa siku moja tu, na siku hiyo sikwenda."

Hata hivyo alichuchumaa. Alimtazama muda mrefu bila kumgusa.

"Nani alimwacha mpaka akawa hivi?"

"Mgonjwa," nilisema.

Alisema nimlaze kwenye maji ya uvuguvugu, ngozi ya zamani ilainike itoke yenyewe, nisiibandue kwa kucha. Joto upande mmoja, ubaridi upande wa pili, na mahali pa kujificha. Kisha nimwache.

"Kazi kubwa ni hiyo, dobi. Kumwacha. Akitulia, mpe panya. Pale chuoni kwetu wanafuga wale weupe, nitakuletea waliokwisha kuuawa."

"Akikataa?"

"Akikataa, ujue bado hajaona kwamba hapa ni kwake. Wale wanaonja hewa kwa ulimi, wanajua mambo yao. Usimlazimishe, utamvunja taya."

"Na akiendelea kukataa?"

Daktari alitupia makoti yake begani. "Huyu hana mafuta ya kukatalia muda mrefu," alisema.

Mama alikuwa amesikia yote. Daktari alipoondoka aliweka nguo pembeni, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu msiba. Tangu msiba mikono yake haijawahi kukaa mitupu.

"Nisikilize," alisema. "Hospitali nilikuwa napeleka uji kila asubuhi. Kila asubuhi narudi nao. Mtu mzima, mwanangu, anafumba mdomo kama mtoto. Sitakaa tena kwenye kiti nikitazama kingine kinakataa chakula. Kikila, kikae, sitasema neno. Kama hakili, mjomba wako anakuja mwisho wa mwezi. Atakitoa humu, na asiniambie amekipeleka wapi."

"Sawa, mama."

"Na lile koti lifue. Mjomba wako kwake kuna baridi, litamfaa."

Nilisema sawa pia kwa hilo. Koti nilikuwa nimelisukuma uvunguni mwa kitanda changu, ndani ya mfuko wake, nimelifunga kwa fundo letu la kidobi, lile la sikio moja ambalo ukivuta linafunguka lote.

Nilijaza beseni maji, nikayapima kwa kiwiko. Nikamlaza Mtangazaji ndani na kumfunika kwa taulo lililolowa, nimeacha kichwa nje. Hakupigana. Nilikaa chini nikiwa nimeshika ukingo wa beseni, mvuke wa pasi ukituzunguka wote wawili, na sikufikiri kitu. Maji yakipoa niliongeza ya moto kutoka kwenye birika. Ngozi ilianza kulegea kama lebo. Alipopita katikati ya mikunjo ya taulo ikabaki kwenye taulo, vipande vipande, na mwishowe vikatoka vile vibandiko viwili vya machoni, vidogo kama lenzi. Chini yake macho yalikuwa meusi, safi. Yalielekea kwangu. Siwezi kusema yalinitazama.

Kwa hiyo nikamtengenezea nyumba. Hapo ndipo nilipokosea, na nilikosea kwa kufanya kazi niijuayo.

Niliisugua ile televisheni kwa sabuni ya unga, ndani na nje, mpaka mbao zikabadilika rangi. Niliweka balbu mpya, nikarudisha kitufe kwenye alama nyekundu. Niliandaa vitambaa vya kulalia, nikavichemsha, nikavisuuza kwa ile dawa ya kulainisha nguo yenye harufu ya maua, nikavipiga pasi na kuvipanga. Sanduku la kadibodi la kujifichia nalo nililipangusa kwa dawa ya kuua wadudu, kisha kwa sabuni, kisha kwa maji ya maua. Nikiona doa nabadilisha kila kitu. Nikiona vumbi nabadilisha. Hakuna mteja aliyepata kufuliwa vile. Mikono ilijiendesha yenyewe, nami nikaiacha.

Mtangazaji hakuingia kwenye sanduku. Alikwenda kwenye pembe ya kioo, akaegemeza pua pale na kusukuma. Akizunguka, anarudi palepale. Pua ikachubuka.

Nilimpa panya. Panya anapaswa awe na uvuguvugu, daktari alikuwa ameniambia, ndipo aonekane ni chakula. Nikamweka kwenye kikombe cha maji ya moto, nikaegesha juu ya meza ya pasi. Mama akaingia kutafuta kikombe cha chai.

"Hicho kina nini?"

"Panya."

"Mzima?"

"Amekufa. Napasha moto."

Mama akavuta kiti, akakaa. "Angekuwepo kaka yako," alisema, "angekufa kwa kicheko."

Kisha wote wawili tukanyamaza, kwa ajili ya neno alilokuwa ametumia.

Mtangazaji hakula. Nilimwachia panya mbele yake, akampita kama mtu anayempita jirani waliyegombana naye, akarudi kwenye pembe yake. Nilibadilisha vitambaa vyote, nikaongeza dawa ya maua. Baada ya siku kadhaa nikajaribu tena. Akakataa tena. Mama alisimama mlangoni, nguo mkononi, akaona panya amelala palepale nilipomweka. Aliondoka akaenda kusimama uani kati ya mashuka yaliyoanikwa, mahali ambapo mtu haonekani.

Siku ile jioni nilifunga duka mapema, nikachukua ule mfuko wa uvunguni. Huwa naufungua. Sikuwahi kumwambia mtu. Nafungua, naingiza uso, nafunga. Koti lina harufu ya lehemu, vumbi lililoungua juu ya vyuma vya redio, na chini yake kabisa, jasho lake. Sikuwa nalia nikilinusa. Nilikuwa natarajia kwamba labda nitalia, basi.

Nilivuta sikio la fundo, na fundo halikufunguka.

Nililitazama vizuri. Lilikuwa limefungwa mara mbili, limekazwa kwa meno, fundo la mtu ambaye anafunga mfuko ili usifunguke tena kabisa. Fundo la namna hiyo ndani ya nyumba yetu ni la mtu mmoja. Ndiye anayeniambia kila siku dobi mzima haoni haya kukaa na nguo chafu uvunguni.

Nililifungua kwa ncha ya mkasi bila kukata plastiki. Nilikuwa nimekaa sakafuni chumba cha pasi, kioo cha televisheni nimekisogeza kwa sababu nilikuwa nimemaliza kumwekea maji. Koti likatoka nusu mapajani mwangu. Mtangazaji, aliyekuwa akisukuma pembe yake, akaacha.

Akageuza kichwa. Ulimi ukatoka, ukatetemeka hewani, ukarudi. Ukatoka tena. Akaja ukingoni polepole, akanyoosha shingo nje ya televisheni kuelekea mapajani mwangu, akakaa hivyo, ameinua kichwa, ulimi ukienda na kurudi. Tangu nimlete hakuwahi kukaa mahali bila kusukuma.

Nililirudisha koti mfukoni, nikafunga. Akasubiri. Kisha akarudi kwenye pembe.

Basi nikajua. Sikuwa na haja ya daktari. Kila siku nilikuwa nachukua nyumba ya yule mnyama na kuimwagia maua. Aliishi miaka ndani ya lehemu na vumbi na mikono ya mtu mmoja. Nilivifuta vyote, nikakaa nashangaa kwa nini anatafuta mlango. Sisemi alikuwa na majonzi. Nyoka sidhani kama ana majonzi. Alikuwa anatafuta kwake, na kwake kulikuwa kumebaki mahali pamoja tu, ndani ya mfuko wangu.

Nilijua, na sikufanya kitu. Siku hiyo, na kesho yake, na kesho kutwa. Nilipiga pasi. Koti likiingia mle, halitatoka na harufu yake. Litakuwa la nyoka. Niliwaza kukata kipande kidogo tu, cha mfukoni, lakini mkasi ulipogusa kitambaa nikauweka chini. Niliwaza kumwambia mama, ila ningemwambia ningekuwa nimesema pia kwamba nimeona fundo.

Mwishowe mjomba alipiga simu kwamba anakuja kesho. Niliuchukua mfuko. Mama alikuwa kwenye kiti chake.

"Unaupeleka wapi?"

"Kwenye tivii."

"Mjomba wako nitampa nini?"

"Mama, Mtangazaji atakula likiwa ndani. Nadhani atakula."

"Unadhani."

"Ndiyo."

Alitazama mfuko, akatazama fundo. Niliona akiliona kwamba ni langu.

"Litanuka nyoka," alisema.

"Litanuka nyoka."

"Moja kwa moja."

"Moja kwa moja, mama."

Pasi ililia ule mlio wake wa kuzima. Mama akanyoosha mkono. "Lete kwanza."

Alilifungua mwenyewe. Akalitoa koti, akaliinamia, akaingiza uso wote kwenye kola na kubaki hapo, mgongo ukipanda na kushuka. Alipoinua kichwa, uso ulikuwa na alama za mshono.

"Na wewe," alisema.

Nikainama. Nilinusa kwa nguvu, nikitaka kuishika, na kwa sababu nilinusa sana pua ikazoea, na pua ikishazoea hakuna kitu. Nilikuwa nanusa kitambaa. Nikasubiri kidogo, nikajaribu tena, ikaja, ikaondoka.

"Haya," mama alisema. "Mpe."

Niliviondoa vitambaa vyote vya maua, na sanduku. Niliipangusa ile televisheni kwa maji matupu. Nikalilaza koti ndani bila kulikunja vizuri, mkono mmoja ukielekea kwenye balbu. Mtangazaji alilizunguka mara moja kutoka pembe hadi pembe, ulimi ukifanya kazi. Kisha akaona tundu la mkono wa koti, akaingia. Tulitazama kitambaa kikiinuka na kushuka kadiri alivyokuwa akipita, kama mtu anayevaa. Mama aliniminya mkono mpaka ukauma. Ncha ya mkia ikaingia mwisho, na koti likatulia.

Nikafunika kioo kwa taulo, na sikufua chochote cha mle ndani tena.

Mjomba alikuja kesho yake alasiri, na mwavuli mrefu wa kutembelea na sauti ya kusikika mpaka kwa jirani.

"Yuko wapi huyo mtangazaji wenu? Mimi hata mamba nimeshamfukuza."

"Mamba yupi?" mama aliuliza.

"Mlikuwa hamjazaliwa."

"Mimi ni dada yako mkubwa."

"Basi ulikuwa umelala." Akapangusa jasho. "Na koti langu?"

"Limepata mtu," mama alisema.

Giza lilipoanza kuingia nilimpasha panya kwenye kikombe kilekile. Mama alisema akikataa leo, mjomba atambeba asubuhi, neno ni lilelile, hajalibadilisha. Nilisema najua. Niliinua taulo kidogo. Kichwa cha Mtangazaji kilikuwa kwenye ukingo wa mkono wa koti, mahali ambapo ungetegemea kuona vidole vya mtu. Niliingiza panya kwa koleo, nikamshika mbele yake, karibu na balbu.

Hakusogea. Ulimi ukatoka. Nyuma yangu mjomba alikuwa ameinama juu ya bega langu, akipumua, na mama alikuwa mlangoni, hataki kuingia na hataki kuondoka. Mkono wangu ulianza kuchoka. Niliwaza ule uji, unavyopata ngozi juu ukipoa. Sikuomba kitu. Nilishika koleo.

Alipiga kwa kasi ambayo jicho halikuiona. Koleo liliruka mkononi mwangu, na panya alikuwa amezungushiwa mikunjo miwili, nusu ndani ya koti nusu nje. Nyuma yangu kulikuwa na kishindo. Nilipogeuka mjomba alikuwa amepanda juu ya meza ya pasi, amesimama kwenye shati la mteja, mwavuli umefunguka.

"Mjomba, shuka," nilisema. "Hilo shati nimeshalipiga."

"Ameshakufa?"

"Nani?"

"Yeyote!"

Mama hakucheka. Alikuja mpaka mbele, akapiga magoti karibu na kioo, yeye ambaye hajawahi kukisogelea. Mtangazaji alikuwa ameanza kumeza, polepole sana, kama soksi inayovalishwa. Mama alitazama tangu mwanzo mpaka mkia wa panya ulipopotea.

"Amekula," alisema.

"Amekula, mama."

"Amekula chote."

Alishika ukingo wa meza akainuka. Akachukua kile kikombe, akakiosha kwa maji ya moto na sabuni, akakisuuza, akakiosha tena. Nikasikia sufuria jikoni. Akanirudishia kikombe kilekile kimejaa chai. Nilijua ni kikombe gani, naye alijua ninajua. Nikanywa. Sukari ilikuwa nyingi mno, na nilishtuka kidogo kwamba nimeisikia.

Mjomba aliondoka na shati la mteja, akalilipia ili nisimwambie mtu. Alitaka mama aende akapumzike kwake, lakini mama hakwenda naye. Alisema nani atamtazama yule.

Siku hizi kiti chake kiko chumba cha pasi, mbele ya televisheni. Wateja wakiuliza leo kuna habari gani, anasema hajaletewa karatasi. Sijui alilisikia wapi. Hakuwahi kwenda kibandani kwa kaka.

Juzi asubuhi nilikuta ngozi. Ilikuwa imetoka kwenye mkono wa koti, nzima, haina hata mpasuko, mpaka vile vibandiko vya machoni. Nyoka anaivua kwa kuigeuza, ndani inakuwa nje, kama wateja wanavyovua soksi na mashati yao wakayatupa kwenye kikapu hivyohivyo. Kazi yangu nusu yake ni kugeuza. Nilikaa nayo sakafuni, nikaingiza vidole kwenye mdomo wake, nikaanza kuigeuza taratibu ili isichanike.

"Usije ukaifua tu," mama alisema kutoka kitini.

Nilicheka. Sauti ilikuwa ya mtu aliyekwamwa na kitu kooni, na mama akageuka kutazama. Kisha uso wangu ukalowa, nikawa sioni nashika wapi, nikaendelea hivyohivyo kugeuza kwa kupapasa.

Koti bado limo. Nimelinusa. Linanuka nyoka, harufu ya kadibodi iliyolowa.